Kaisari, Ndiva na Kuku wa Mama

Mama yangu alituwekea sharti, mimi na kaka yangu, tukiwa tumekaa jikoni kwake Chome: siku ndiva itakapokufa, atafunga mlango na kushuka Same kuishi nami. Kabla ya siku hiyo tusimsumbue. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo mababu walilijenga ubavuni mwa mlima. Usiku linapokea maji ya mfereji unaotoka juu msituni, asubuhi linafunguliwa, na kila nyumba inamwagilia shamba lake kwa zamu. Mama alitoa ahadi ile akiwa na uhakika kwamba ndiva haifi. Sisi tulikubali haraka kwa kuwa tulifikiri hivyo hivyo, na kwa kuwa kubishana na mama ni kazi ya mtu asiye na kazi nyingine.

Aliwahi kukaa kwangu Same mara moja, alipougua kifua. Kwangu ni joto, vumbi na maji ya mgawo, na upepo wa mchana unaingiza mchanga mpaka kwenye chumvi. Kila asubuhi alitoa kiti nje, akakielekeza milimani, akakaa kama abiria anayesubiri gari. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana mama yangu asipolalamika ujue anaumwa kweli. Nilimrudisha mwenyewe. Tulipopanda hadi kwenye baridi akaanza kugombana na kondakta kuhusu mahali alipoweka mzigo wake, nami nikashusha pumzi.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nimefundisha kuanguka kwa Warumi miaka mingi kiasi kwamba naweza kuandika sababu zote ubaoni huku nikiwaza mboga ya jioni. Wanafunzi wangu wanazikariri, wanazimwaga kwenye mtihani, wanazisahau. Siwalaumu. Hata mimi Warumi walikuwa hawajawahi kuninyima usingizi, mpaka Krismasi ile mama alipotoka kanisani na swali.

Mwinjilisti alikuwa amesoma somo la kila mwaka, lile la Kaisari aliyetaka watu wote waandikwe. Tulirudi nyumbani, mama akakaa mbele ya jiko kukoroga makande, akauliza yule Kaisari aliishia wapi. Nikamwambia alikufa, wakaja Makaisari wengine, na mwisho ufalme wenyewe ukafa. Akataka kujua umekufaje. Nikasema ni habari ndefu. Akaniambia makande nayo hayajaiva.

Sasa, watani wetu Wachaga wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Sijui kwa Wapare wengine, ila kwa mama yangu hawajakosea sana. Alisikiliza habari ya Roma kama mtu aliyeketi barazani kutoa hukumu, na kila sababu niliyoitaja aliipokea kama shahidi mpya. Nikasema nchi ilikuwa kubwa mno ikagawanywa vipande viwili. Akasema kugawa si kosa, hata shamba hugawanywa. Nikasema wakuu wa majeshi walikuwa wakiuana wapate kiti. Akatikisa kichwa, akasema hao walikosa wazazi. Nikasema fedha yao ilichanganywa na shaba mpaka wafanyabiashara wakaikataa, na kodi zikapanda mpaka wakulima wakaacha mashamba. Hilo aliliandika moyoni, niliona. Lakini hukumu yake ya awali ilikuwa kwamba yote ni kwa sababu ya kumsafirisha mwanamke mwenye mimba kubwa kwa ajili ya kuandikisha majina. Nilijaribu kumweleza kwamba kati ya mimba ile na anguko lile zilipita karne kadhaa. Akasema kesi nzito huchelewa.

Kisha nikafika kwenye habari ya wageni. Nikamweleza kwamba Warumi wenyewe walichoka jeshi, wakaona ni rahisi kulipa watu wa ng'ambo ya mto wa mpakani wawapigie vita. Wakati fulani kundi kubwa la watu hao lilivuka mto likikimbia adui, likiwa na wake na watoto, likaahidiwa ardhi na chakula. Maofisa wakala kile chakula. Njaa ilipozidi wakawauzia wale wageni nyama ya mbwa, na bei yake ilikuwa watoto wao, wachukuliwe utumwani. Ndipo wageni wakaasi, na waliokuwa wamefundishwa vita na Warumi wakawapiga Warumi.

Mama aliacha kukoroga.

"Nyama ya mbwa," alisema. "Mtu anakulindia nyumba, unampa mbwa."

Nikasema ndiyo. Akaendelea kukoroga, na mimi nikafikiri kesi imeisha.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuiona ndiva, kwa sababu vuli haikunyesha vizuri na nilikuwa nimeona majani ya maharage ya mama yamejikunja. Nilisimama ukingoni. Tope lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, nyasi zimeota juu yake, na ukuta wa chini ulikuwa unavuja mahali pengi. Maji yaliyobaki yangetosha kuogesha ng'ombe wawili wasio wachafu sana. Nilishikwa na hasira, na kama kawaida yangu nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkosa.

Maana kila mtu alikuwa ametimiza wajibu wake. Zamani, siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, pembe ilipigwa jioni ya kuamkia siku hiyo, na asubuhi kila nyumba ilitoa mtu. Asiyefika alifuatwa kwake, watu wakachukua sufuria au jembe, na sufuria ilikaa kwa mwenyekiti wa ndiva mpaka ikombolewe mbele ya majirani. Aibu ilikuwa kubwa kuliko sufuria. Baadaye watoto wa mlimani tukatawanyika, Same, Moshi, Dar es Salaam, na kamati ikaona itusaidie. Pembe ikawa ujumbe kwenye kundi la simu, sufuria ikawa faini ya kutuma kwa simu hiyo hiyo. Na watu walilipa. Walilipa mapema, kwa furaha, wengine kabla hata tarehe haijatangazwa, mimi nikiwa mstari wa mbele. Wapare wakilipa faini bila kubisha wala kukata rufaa. Hapo ndipo sote tulipaswa kushtuka. Faini ilikuwa imegeuka kuwa bei ya kubaki nyumbani.

Kwa fedha ile kamati iliajiri vibarua. Karibu kila mara alikuwa mtu mmoja wa Kigoma na wenzake. Alikuja zamani kukata mkonge kwenye mashamba ya tambarare, akaupanda mlima kutafuta kazi isiyochoma mikono, akaoa hapa hapa, akakodi shamba la chini la mama kwa makubaliano ya kugawana mavuno nusu kwa nusu. Alizibua alipoambiwa azibue, siku ya malipo ikiisha anafunga kazi. Zamu ya maji hakuwa nayo. Zamu hufuata ukoo, na ukoo wake uko ziwani Tanganyika. Alitengeneza ndiva mwaka hadi mwaka, kisha akasimama shambani akiyatazama maji yakipita kwenda kwa wengine.

Niliporudi nyumbani mama hakuniuliza nimeona nini. Alikuwa anajua. Alikuwa ameketi mlangoni akisuka kamba za kufungia mizigo.

Januari nzima nilikuwa nikipokea simu za kaka yangu kutoka Dar. Yeye ni mtu mwema mwenye haraka. Alisema sharti ni sharti, ndiva imekufa, mama ameshakiri mwenyewe, basi atakuja na pikapu Jumamosi ya kwanza ya Machi kabla masika hayajaharibu njia. Nilimwambia mama akiwa kwangu atazeeka ndani ya siku moja. Akaniuliza nina njia gani nyingine, shamba limekauka, ale mawe? Nikamkatia simu, na baadaye nikampigia kumwomba radhi.

Nilipopanda tena mlimani mama alikuwa ameanza kugawa vitu. Kinu alimpa mke wa mwinjilisti. Kuku wake, mitetea yote na jogoo mmoja mkorofi, aliwapeleka kwa jirani yake, mjane mwenzake, ambaye wamekuwa wakigombana kwa upendo tangu mimi mdogo. Uwanja ulikuwa kimya. Alipokea shikamoo yangu, akanipa kiti, akasema chai itachelewa kidogo kwa sababu birika nalo amelitoa. Alisema hivyo kwa upole. Niliingia chumbani nikalia, kisha nikatoka nikiwa nimekasirika, na hasira ndiyo iliyonipeleka kwenye mkutano wa ndiva.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Nilijiandaa kama mwalimu: nikasimama, nikawaeleza juu ya Warumi, jinsi walivyolipa wengine wabebe mzigo wao, jinsi mifereji yao mikubwa ya mawe ilivyokufa ilipokosa wa kuitazama. Nilisema vizuri, ingawa najisifu. Watu walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mzee mmoja wa kamati, mtu mkali mwenye koti la sufu, aliuliza kama hao Warumi walikuwa na Walutheri ndani yao. Nikasema hapana, wakati ule bado. Akasema basi haishangazi. Uwanja mzima ukacheka, nami nikacheka kwa kukosa la kufanya, nikakaa.

Ndipo mama aliposimama. Sikujua kama atasema. Alimwonyesha kwa kidole yule mtu wa Kigoma, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa kusubiri kusikia siku ya kibarua.

"Mimi nashuka Same," alisema. "Zamu yangu ya maji nampa huyu."

Mzee wa koti akainuka mara moja. Alisema zamu si kuku wa kugawa, zamu ni ya ukoo, haiwezi kuvuka kwenda kwa mtu asiye na kaburi la babu hapa. Wengine wakamuunga mkono, kelele zikapanda. Mama alisubiri, mikono imekunjwa juu ya kanga. Ninamfahamu, alikuwa ameshapika jambo.

"Sawa," alisema. "Kama yangu haigawiki, basi ni yangu mpaka nife, msinichukulie. Na huyu mpeni ya kwake. Mtu anawatengenezea maji, nanyi mnamlisha mbwa."

Hakuna aliyeelewa mbwa ametoka wapi isipokuwa mimi. Nilibana kicheko kwa upindo wa kanga. Na nisimfanye mama mtakatifu: nusu ya maharage ya yule bwana ni yake, na shamba la chini likipata maji mama anapata maharage. Alikuwa anatetea haki na gunia kwa pumzi moja.

Mabishano yalichukua mpaka jua likaelekea kuzama. Mwisho mwenyekiti, ambaye kwa kawaida ni mtu wa kuahirisha, alisema kuna zamu moja isiyo na mwenyewe, ya Jumapili asubuhi, kwa kuwa saa hiyo watu wako kanisani na maji yanakwenda bure. Yule bwana wa Kigoma ni Mwislamu, Jumapili asubuhi ana nafasi. Mzee wa koti alifikiri, akatafuta kipengele cha kupinga, akakikosa. Wakakubaliana pia kwamba faini ife. Nyumba isiyotoa mtu siku ya msaragambo, zamu yake itarukwa, hata ikiwa ni ya mwalimu wa Same. Macho yote yakaja kwangu. Pembe ingepigwa Ijumaa, kazi ingekuwa Jumamosi ya kwanza ya Machi. Nilipiga hesabu ya tarehe nikaona ni siku ile ile ya pikapu.

Jumamosi hiyo niliamka mapema nikavaa viatu vya mvua vya marehemu baba na kwenda ndivani na jembe la mama, ambalo kwa bahati alikuwa bado hajampa mtu. Kulikuwa na ukungu. Nilimkuta mwenyekiti peke yake amesimama ukingoni, pembe kwapani, akitazama njia. Tulisalimiana. Kwenye kundi la simu watu walikuwa wameandika kwamba watakuja, lakini kwenye kundi la simu watu huandika mengi. Nilianza kufikiria kile kiti kilichoelekezwa milimani, pale nje kwangu Same.

Aliyefika kwanza alikuwa bwana wa Kigoma, na mkewe, na mkwe wake. Mwenyekiti akamkumbusha, kwa sauti ya aibu kidogo, kwamba safari hii hakuna malipo.

"Najua," alisema. "Kesho ni zamu yangu."

Akavua viatu akaingia kwenye tope. Na alipoingia, nikasikia sauti za watu zikishuka kutoka njia ya juu. Walikuja wanawake na makarai kichwani, wakaja vijana na mitaimbo, akaja mwinjilisti, akaja mzee wa koti la sufu bila koti. Wakaja wa mjini pia, tunaojulikana kwa jinsi tunavyoshika jembe. Nikainama nikaanza kulima tope huku machozi yakinitoka, na sikujali nani anaona.

Tope lilipitishwa mkono kwa mkono mpaka mashambani, kwani ni mbolea nzuri na hakuna Mpare atakayeitupa. Ukuta ulibomolewa pale palipovuja ili ujengwe upya tangu chini. Hapo tukakwama: mawe makubwa yalikuwa ng'ambo ya barabara, na kuyabeba mabegani kungetuchukua siku nzima. Wakati tunabishana ni nani alipaswa kuyasogeza, pikapu ya kaka yangu ikatokea kwenye kona, tupu, imesafishwa, imetandikwa turubai kwa ajili ya kitanda cha mama.

Kaka alishuka akauliza mama yuko wapi. Akaonyeshwa. Mama alikuwa chini ya ukuta ameketi juu ya jiwe, anamwelekeza mwinjilisti namna ya kushindilia udongo, na mwinjilisti anaonekana kujuta. Kaka alimtazama muda mrefu. Alirudi kwenye gari akatoa turubai, akalikunja vizuri, akarudi nyuma na pikapu hadi kwenye rundo la mawe. Alibeba mawe mpaka springi zikalia, na mikono yake ya ofisini ikatoka malengelenge ambayo alimwonyesha kila mtu wakati wa kula.

Jioni ukuta ulikuwa umesimama. Tundu la kutolea maji lilizibwa kwa gogo na majani ya mgomba, mfereji ukafunguliwa kule juu, na maji yakaja mekundu, yakanguruma kidogo, yakatulia. Tulilala kwa mama wote watatu, tukala makande kwenye sahani za kuazima. Kaka aliuliza, akiwa tayari anasinzia, hivi hao Warumi niliowahubiria watu walianguka kwa nini hasa. Nikaanza kumtajia sababu zangu za ubaoni. Mama akanikatiza akasema hakuna aliyeanguka, walikaa chini wenyewe. Baadaye nimelitumia neno hilo darasani, ingawa mtihani hauna alama yake.

Asubuhi tuliposhuka kuitazama, ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na bwana wa Kigoma amesimama juu ya ukuta na jembe, anasubiri watu waende kanisani ili awe peke yake na maji yake. Mama aliangalia ukuta pale palipokuwa panavuja, akaugusa, akageuka. Nilimuuliza kama tumpakie garini. Alikuwa anapandisha njia kwa mwendo ambao sikuwa nimeuona tangu augue kifua, akielekea kwa jirani yake mjane.

Tulipomfikia walikuwa wameshapaza sauti. Mama alikuwa amefuata kuku wake. Jirani alikuwa tayari kurudisha mitetea na lile jogoo korofi, hata kwa furaha, lakini mtetea mmoja alikuwa ametaga na kuangua huko, na vifaranga, alisema jirani, vimezaliwa uwanjani kwake, vimekula mtama wake, ni vya kwake. Mama alisema mtoto hufuata mama yake. Jirani alisema alipewa, hakuazimwa. Mama alisema alitoa kwa sababu ya safari, na safari haipo, kwa hiyo hakutoa. Kaka yangu alitaka kuingilia kati akanunue vifaranga vingine sokoni yaishe. Nilimshika mkono kwa nguvu. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu Krismasi, na sikutaka mtu auguse.

Walikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, wote wawili, wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Balozi alisikiliza kila upande mpaka kengele ya kwanza ikalia, kisha akasema jambo hili ni zito, lina mashahidi, na msimu wa kupanda umefika, hivyo analiahirisha hadi baada ya mavuno. Jirani akakubali. Balozi akamuuliza mama kama tarehe hiyo atakuwepo.

"Nitakuwepo," alisema mama.